Gari la turbo: Baba anunue sasa au asubiri?

Saa nne usiku watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na baba bado yuko kwenye kochi ameinamia simu. Haangalii mpira wala hajibu ujumbe wa ofisini. Anaangalia Subaru. Ameshahifadhi picha kumi na mbili za gari moja, la bluu, lenye tundu la hewa juu ya boneti, na anazijua kilomita zake kuliko anavyoijua tarehe ya kikao cha wazazi shuleni.

Mama anajua. Mara nyingi anajua mapema kuliko baba anavyodhani, kwa sababu mtu akianza kuuliza mara mbili kwa wiki, "hivi hili gari letu linaweza kuuzika bei gani?", hahitaji kueleza zaidi.

Hamu hiyo haikuanza jana. Wanaume wengi waliofika miaka ya arobaini walikuwa wavulana Colin McRae aliposhinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, na Richard Burns alipofanya hivyo na Impreza mwaka 2000. Waliona gari la bluu lenye rimu za dhahabu likiruka kwenye vumbi la nchi jirani, vumbi linalofanana kabisa na la kwao. Leo wanalipa ada, kodi ya nyumba na matibabu ya wazazi wao, na katikati ya majukumu yote hayo ile Impreza bado ipo kichwani.

Si ujinga. Mtu aliyebeba familia kwa miaka kumi na tano anaweza kutaka kitu kimoja ambacho si cha lazima. Mke anayeliita jambo hilo "utoto" mbele ya watoto hamsaidii mtu. Anachofanya ni kumhamisha mume apeleke mazungumzo kwa marafiki wa gereji, ambao hakuna hata mmoja wao anayemlipia ada mtoto wake.

Swali lenyewe ni la wakati. Anunue sasa hivi akiba ikiwa karibu kutimia, au asubiri mpaka mtoto mkubwa amalize kidato cha nne, mpaka nyumba ipauliwe, mpaka bei ishuke? Wengi hujibu kwa hisia. Anayelitaka gari husema bei zinapanda, asiyelitaka husema zinashuka. Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na hesabu yenyewe iko mahali ambapo wachache huanzia: umri wa gari siku linapoingia bandarini.

Kusubiri nako kuna bei

Kwa gari dogo lililotumika linaloingizwa nchini, TRA hutoza ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. Injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000 ni asilimia 5, na inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10. Kisha kuna ule ambao watu huuita uchakavu: asilimia 15 kwa gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mwisho inakuja VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Zipo tozo nyingine ndogo, usajili na malipo ya wakala, lakini uzito uko kwenye hizo nne.

Chukua gari la turbo la cc 2,000 ambalo thamani yake, pamoja na usafiri wa meli na bima ya safarini, ni Sh20 milioni. Forodha inaongeza Sh5 milioni, inakuwa 25. Ushuru wa injini ni Sh1.25 milioni. Kama gari halijafika miaka minane, VAT ikishawekwa jumla inakaribia Sh31 milioni. Kama liko kwenye daraja la miaka 8 hadi 10, inafika Sh35.4 milioni. Likizidi miaka 10, ni karibu Sh39.8 milioni, yaani mara mbili ya bei lililofikia.

Ni kweli kwamba gari likizeeka thamani yake Japani inashuka, kwa hiyo ile Sh20 milioni haitabaki palepale. Lakini hapo ndipo baba anayesubiri "bei ishuke" anapojikuta anavutwa pande mbili. Kila mwaka bei ya mnada inapungua kidogo, halafu siku moja gari linavuka mstari wa umri na kodi inarudisha yote yaliyopungua, wakati mwingine na ziada. Dawa ni kufungua kikokotoo cha magari kwenye tovuti ya TRA, kuingiza modeli ileile kwa miaka mitatu au minne tofauti ya kutengenezwa, na kulinganisha. Ni kazi ya robo saa. Jambo la kukumbuka ni kwamba TRA hutumia thamani iliyoko kwenye mfumo wake, kwa hiyo risiti ya gari lililonunuliwa kwa bei ya kutupa huko Japani haimaanishi kodi nayo itakuwa ya kutupa.

Kuna jambo la pili, na hili linahusu magari ya aina hii peke yake. Ukisubiri kununua Toyota ndogo ya familia, hakuna tatizo. Kiwanda kinaendelea kutoa mpya na zile za mwaka juzi zinaendelea kuingia mnadani. Magari ya turbo ya miaka ile hayatengenezwi tena. Forester yenye injini ya turbo ya lita mbili, ile ya nguvu farasi 280 iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012, iliondolewa mwaka 2018 toleo jipya lilipoingia. Maana yake ni rahisi: ikishapita 2028, hakutakuwa na Forester ya namna hiyo hata moja itakayokwepa daraja la asilimia 30.

WRX STI ina hadithi kali zaidi. Injini ya EJ20, iliyokuwa moyo wa Impreza za mashindano, ilifika mwisho wake Japani kwa toleo la kuaga la mwaka 2019, magari 555 tu. Mwaka 2022 Subaru ikatangaza kwamba kizazi kipya cha WRX hakitakuwa na STI ya injini ya petroli. Wakati huohuo sheria ya Marekani inaruhusu gari la nje lililofikisha miaka 25 kuingizwa bila masharti mengi yanayozuia magari mapya zaidi, na Wamarekani wana hamu kubwa na Impreza za zamani. Kila mwaka unaopita, gari jingine la utoto wa baba linaingia kwenye mikono ya mnunuzi mwenye dola nyingi kuliko yeye.

Kwa hiyo anayesema "STI itashuka tu" anasubiri basi ambalo limeshafutwa. Anayetaka Forester ya turbo ana muda, lakini muda wenye mwisho unaojulikana. Na anayetaka tu gari lenye nguvu kiasi, lolote lile, anaweza kusubiri bila wasiwasi, yatakuja mengine.

Dola nayo ina neno lake. Magari ya Japani hutangazwa kwa dola, na mwaka 2024 dola moja ilivuka Sh2,700 kabla shilingi haijapata nguvu kuelekea mwisho wa mwaka. Kwa gari la dola 8,000, tofauti ya shilingi 300 kwa kila dola ni Sh2.4 milioni, kabla ya kodi kuhesabiwa juu yake. Hakuna baba anayeweza kulitabiri hilo, na wanaodai wanaweza kwa kawaida wana gari la kuuza. Kinachotabirika ni bajeti ya Serikali: husomwa Juni, na viwango vipya huanza Julai mosi. Kulipia gari Mei bila kujua kama litafika kabla au baada ya tarehe hiyo ni kamari.

Mezani, Tabata

Kuna familia moja ya Tabata, jijini Dar es Salaam, ambayo jambo hili liliitikisa zaidi ya ilivyotarajia. Baba ana miaka 41 na ni fundi wa mitambo ya mawasiliano. Mama ni mwalimu. Wana watoto watatu, Toyota Ist ya miaka mingi, na kiwanja Chanika chenye msingi uliomwagwa zege miaka mitatu iliyopita na ambao sasa umeota majani.

Baba alikuwa amejiwekea Sh31 milioni kwa miaka minne. Hakuiba popote, zilikuwa posho za safari na kazi za ziada za mwisho wa wiki. Alikuwa anasubiri zifike 40. Wakala mmoja akamtumia ankara ya Forester ya turbo na kumwambia gari litashikiliwa kwa siku tatu tu akilipa malipo ya awali. Akalipa. Dola 500. Jioni hiyo hakusema kitu.

Mama aliona ujumbe wa benki kwa sababu simu ilikuwa mezani, mtoto wa mwisho akiangalia katuni.

"Baba watoto, hii ni ya nini?"

"Ni ya gari. Nilitaka nikwambie likishakamilika."

"Likikamilika ndiyo unaniambia, au ndiyo unanionyesha?"

Mama hakuwa na ugomvi na gari. Alilisema hilo siku hiyo na akalirudia baadaye mbele ya shemeji yake aliyeitwa kusuluhisha. Kilichomuuma ni hesabu aliyoifanya kichwani palepale: mwaka uliopita, mtoto wao wa pili alipokosa nafasi shule ya karibu na wakazungumza kuhusu shule ya binafsi, baba alisema hakuna fedha. Wakati anasema hakuna fedha, milioni 22 zilikuwa benki.

Baba alijibu kwamba zile zilikuwa za gari. Kwake zilikuwa na jina tayari, kama fedha ya jeneza au ya mahari, hazihesabiki. Wanaume wengi huweka akiba hivyo na hawaoni kama wamedanganya. Mke anasikia kitu kingine kabisa.

Walikaa siku nne wakizungumza kuhusu gesi na daftari za watoto tu. Siku ya tano mama akaomba jambo moja. Kila mtu aweke mezani fedha yote aliyonayo, mahali popote ilipo, na kila deni. Baba alikubali haraka, akijua siri yake imeshatoka. Ndipo ikajulikana kwamba mama naye alikuwa na Sh4.2 milioni kwenye kikoba ambazo mumewe hakuwahi kuzisikia. Alikuwa anaziweka, alisema, "kwa ajili ya siku mbaya."

Hakuna aliyecheka wakati huo. Lakini mazungumzo ya maana yalianzia hapo, maana hapakuwa tena na mshitaki na mshitakiwa. Walikuwa watu wawili wenye Sh35 milioni kwa jumla, mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari, na msingi wenye majani.

Walichoamua hakikumfurahisha yeyote kikamilifu. Dola 500 walizisamehe, kwa sababu wakala hakurudisha. Sh6 milioni zikatengwa kwa shule, zisiguswe. Gari likaruhusiwa, ila baada ya Machi, na si la kuagiza. Ist ingeuzwa, kwa kuwa magari mawili ni bima mbili na matengenezo mara mbili. Mwezi wa nane baba alinunua Forester ya turbo iliyokuwa tayari nchini, yenye namba ya usajili ya herufi E, kwa Sh27 milioni. Aliyakataa mawili kabla yake. La kwanza mgandamizo wa injini ulikuwa haulingani kati ya silinda moja na nyingine. La pili kadi yake ilikuwa bado benki, mwenye gari hakusema.

Chanika hawajaafikiana hadi leo. Mama anataka matofali yaanze kununuliwa, baba anataka wauze kiwanja na kutafuta kilicho karibu. Majani yapo.

Mlango na nyumba yake

Bei ya kununua ni mlango. Nyumba iko ndani. Na hapa ndipo kusubiri kunapoweza kuwa na maana kuliko kodi na dola zote zilizotajwa.

Familia inayotembea kilomita 1,000 kwa mwezi, nyumbani, shule, kazini, kanisani au msikitini na sokoni, ikiwa na gari la cc 1,500 linalotoa kilomita 12 kwa lita, inahitaji lita 83 hivi. Gari la turbo kwenye foleni ya jiji likitoa kilomita 6.5 kwa lita linataka lita 154. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, ni Sh250,000 dhidi ya Sh462,000. Zaidi ya Sh210,000 kila mwezi, karibu Sh2.5 milioni kwa mwaka, na gari halijapita hata mara moja kwa fundi. Bei halisi ya lita hutangazwa na EWURA kila mwezi, kwa hiyo kila familia inaweza kuweka namba yake.

Injini hizi ziliandikiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vingi haikutengenezwa kwa kiwango hicho. Gari litatembea, kompyuta yake itajirekebisha, lakini anayelikanyaga kila siku kwa mafuta ya chini analila polepole. Oili ya turbo hubadilishwa mapema. Mafundi wazoefu husema kila kilomita 5,000 na hawataki mjadala. Injini ya EJ ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kwenye kilomita 100,000, na gari nyingi zinazouzwa zina kilomita 90 na kitu elfu, jambo ambalo si bahati mbaya. Ile FA20 ya Forester ya baada ya 2012 ina cheni, hiyo inaondoa gharama moja.

Kuna na tairi. Subaru huvuta magurudumu yote manne, na mfumo huo hautaki tairi zenye unene tofauti. Tairi moja ikipasuliwa na shimo pale Mbagala na nyingine tatu zikiwa zimekwisha nusu, baba aliyezoea kubadili moja atanunua nne. Wauza tairi wanalijua hili. Wanunuzi wa Subaru hulijua siku hiyo.

Bima kubwa kwa gari binafsi kwa kawaida huzunguka asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake. Gari la Sh40 milioni ni kama Sh1.65 milioni kwa mwaka. Wapo wanaonunua gari la Sh40 milioni na kulikatia bima ndogo kwa sababu fedha imeishia bandarini. Hiyo ni dalili tosha kwamba wakati wake ulikuwa haujafika.

Kipimo kinachofanya kazi kuliko ushauri wa marafiki ni hiki: familia iishi kana kwamba gari limeshanunuliwa. Ile tofauti ya mafuta, sehemu ya mwezi ya bima, na kiasi cha matengenezo, vyote viwekwe pembeni kila mwezi kwa miezi sita, kwenye akaunti ambayo mke na mume wote wanaiona, au kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS ambako fedha hutoka ikihitajika. Kwa hesabu ya hapo juu ni kama Sh450,000 kwa mwezi. Miezi hiyo sita lazima iwe na Januari ndani yake. Baba anayepita Januari, mwezi wa ada, sare na madaftari, bila kuchota humo, gari hilo anaweza kulimudu, na mke hana hoja ya fedha tena. Anayechota tarehe 9 Januari amepata jibu bila kugombana na mtu, na fedha iliyobaki bado ni yake.

Mkopo wa mshahara kwa gari la namna hii ni jambo jingine. Mkopo wa kujenga huacha nyumba, wa biashara huweza kuacha duka. Huu huacha makato ya miaka mitano kwa kitu kinachokunywa lita 154 kwa mwezi. Hapo jibu ni kusubiri, hata kama umri wa gari unavuka mstari na kodi inapanda. Afadhali kulipa uchakavu wa asilimia 30 kwa fedha taslimu kuliko kuuepuka kwa riba.

Anayeagiza aombe karatasi ya mnada, na asikubali picha yake iliyokatwa nusu. Alama ya R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Si lazima liwe baya, lakini bei yake iwe ya gari lililogongwa. Anayenunua lililopo nchini amlipe fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda, aangalie moshi injini ikiwashwa ikiwa baridi, na aulize kama kompyuta imechezewa kuongeza nguvu. Magari haya hununuliwa na vijana kabla ya kufika kwa akina baba, na vijana hawakuyanunua ili wayatunze. Namba ya gari iingizwe kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani. Deni refu la mwendokasi linasimulia namna gari lilivyoendeshwa kuliko muuzaji atakavyosimulia.

Limebaki suala la nani amekaa kiti cha nyuma. Mwendo kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na faini ya tochi ni Sh30,000, kiasi ambacho baba mwenye gari la Sh40 milioni hulipa bila kuumia. Watoto wanaona analipa bila kuumia. Mtoto wa miaka tisa aliyezoea baba akivuka lori kwa kishindo kwenye barabara ya Morogoro huku akisema "umeona hiyo?" anajifunza udereva tayari, miaka tisa kabla ya umri wa leseni. Akina mama wengi hulipinga gari kwa hoja ya fedha wakati hofu yao halisi ni hii, na hawaisemi kwa kuogopa kuonekana wanamtilia mume shaka. Ingefaa isemwe kabla gari halijanunuliwa, kwa sauti ya kawaida, pamoja na sharti: watoto wakiwemo, mwendo ni ule wa Ist.

Na kwenye nyumba yenye kijana wa miaka 16 au 17, funguo zisikae kwenye msumari wa sebuleni. Ist ikichukuliwa kwa siri hurudi na mkwaruzo. Gari la nguvu farasi 280 ni habari nyingine, na bima kubwa, ile ya Sh1.65 milioni, hailipi dereva akiwa hana leseni.